Nani Atanishika Mgongo?

Kila Jumatano asubuhi, kwetu Kampemba, akina mama wenye mimba wanakuja kituo cha afya kwa kipimo. Wanapanda kwenye mizani. Tunapima damu, tunapima tumbo, tunasikiliza moyo wa mtoto. Wakingoja, wanakaa kwenye benchi ndefu, wanatafuna karanga na kuwasema waume zao. Mimi napiga kelele: "Mama wa mbele, toa viatu! Hatupimi viatu hapa!" Wanacheka. Wanasema sauti ya Mama Joséphine inafika mpaka sokoni.

Ni kweli inafika. Mimi ni mkunga. Nimepokea watoto kwa miaka ishirini na mitatu, na kwa miaka mingi nilijivunia sauti yangu. Lakini niwaambie mapema: katika hadithi hii mimi sitoki vizuri. Nitaisimulia hivyo hivyo.

Jirani yangu anaitwa Dorcelle. Ukuta mmoja tu unatutenga. Mume wake, Gauthier, anafanya biashara ya unga wa mahindi. Anaenda Mokambo mpakani, anakaa siku tatu au nne, anarudi na mifuko. Wana mtoto wa miaka minne, Tracy. Kwa hiyo mtaani Dorcelle tunamwita Mama Tracy.

Parcelle yao, kiwanja pamoja na nyumba, ni ya ukoo wa Dorcelle. Babu yake alitoka Kabalo kuja kufanya kazi ya reli, akajenga pale. Nyuma ya nyumba kuna chumba kidogo. Ndani yake alikuwa akilala mama yake Dorcelle, Mama Dominique. Mimi nilipohamia mtaa huu, Mama Dominique alikuwa amekwisha kufa. Nilimkuta dada yake tu, Mama Brigitte, ambaye Dorcelle anamwita mama mukubwa.

Dorcelle alipopata mimba ya pili, hakukosa kipimo hata kimoja. Alikunywa vidonge vya kuongeza damu. Alilala chini ya chandarua. Nilifurahi naye. Nikasema moyoni, huyu hana shida, siku ikifika atakuja mwenyewe.

Mimba ilikuwa ya miezi minane. Mchana mmoja nilikuwa naanika nguo, nikatupa jicho juu ya ukuta. Dorcelle alikuwa ametoa vitu vyote vya chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa nje. Godoro lilikuwa juani. Yeye mwenyewe, na tumbo lile, alikuwa anapaka kuta chokaa.

"Mama Tracy! Unafanya nini na ile tumbo?"

"Naosha tu chumba, Mama Joséphine. Mugeni anaweza kuya."

"Mugeni gani?"

"Mugeni tu, mama."

Kesho yake nilienda kwake kuomba makala, yaani makaa yenye moto, ya kuwashia babula, jiko langu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Juu ya kitanda kulikuwa na plastiki mpya, imekunjwa. Juu ya plastiki kulikuwa na wembe mpya ndani ya karatasi yake, uzi mweupe, na kikwembe, kitenge cha zamani cha rangi ya bluu. Mimi ni mkunga, jamani. Nilijua pale pale mgeni ni nani.

Basi nikawaka.

"Weye Dorcelle, unataka kufwa? Unataka kuzalia ku nyumba? Na ile damu yote ulitoka wakati wa Tracy? Kumbe ku kipimo unakuyaka juu ya karanga tu! Bajinga njo banazaliaka ku nyumba!"

Dorcelle alisimama na bakuli ya sombe, majani ya muhogo, mkononi. Tracy alijificha nyuma ya mguu wake. Nilingoja anijibu, ili nami nipate kumjibu.

"Moto iko pale ku babula, mama," alisema polepole. "Mubebe."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Jumatano ya kipimo chake hakuja. Nilimpelekea ujumbe aje Jumatano iliyofuata. Hakuja.

Hapo nikaanza kuogopa. Kwenye fiche yake, ile kadi ya kituo, ya uzazi wa kwanza kuna mstari mmoja: alitoka damu nyingi baada ya kuzaa. Mwandiko ni wangu. Mwanamke aliyetoka damu nyingi mara moja anaweza kutoka tena. Nilijua hivyo, na yeye nilimwambia. Sasa, mtu anayejua hatari, anayekuja kipimo kila mara, anawezaje kununua wembe?

Jumapili, baada ya misa, nilimkuta Mama Brigitte njiani. Yeye ndiye angemzalisha Dorcelle. Nilimshika mkono.

"Mama Brigitte, mumwambie yule mutoto. Miye nilisema, nilisema, nilichoka."

"Joséphine," alinijibu, "weye unasemaka mingi. Ulisha kumuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Juu ya nini."

Kwetu hiyo ni kusema: kwa sababu gani. Akaenda zake. Mama yule haongei sana, lakini akiongea unabaki umesimama barabarani.

Jioni ile nilienda kwa Dorcelle. Alikuwa anachambua majani ya sombe. Sikungoja kukaribishwa. Nilivuta kibao, nikakaa, nikachukua majani, nikachambua naye. Ilinipa taabu kunyamaza! Tulimaliza fungu moja. Tulipoanza la pili, nikasema:

"Mama Tracy, siku ile nilikutukana. Unisamehe. Leo nakuya kuuliza. Juu ya nini unataka kuzalia hapa?"

Aliendelea na majani yake.

"Mama Joséphine, unakumbuka siku nilizala Tracy?" aliuliza.

"Nakumbuka fiche."

"Mama yangu alinifikisha ku mulango. Banamwambia abakie inje. Miye nikaingia peke yangu. Uchungu ilikuwa mingi, nikaita mama. Yeye akanisikia. Akazunguka nyuma ya nyumba, akasimama ku dirisha. Akaanza kunisemesha kutoka inje. 'Dorcelle, niko hapa. Vuta pumuzi, mwanangu. Niko hapa.' Nikisikia ile sauti, naweza."

Alichukua jani lingine.

"Halafu mama mumoja akatoka, akamufukuza. Alimwambia, 'Mama, toka hapa, hapa haiko ku soko.' Akarudi ndani, akafunga dirisha. Miye nikaita tena. Akaniambia, 'Mama yako haiko hapa. Sukuma.'"

Sikuhitaji kuuliza mama huyo alikuwa nani. Maneno yale ni yangu. Nimeyasema mara nyingi sana, na ndiyo maana niliona haya mpaka masikioni. Nilitafuta siku ile kichwani mwangu. Nilitafuta mama mmoja amesimama dirishani. Sikumpata. Siku ambayo Dorcelle amebeba miaka minne, mimi sikuikumbuka hata kidogo.

"Tracy alipata miezi saba, mama yangu akakufwa," Dorcelle aliendelea. "Mu ile chumba. Mu ile chumba tena njo alinizala. Akina mama ba zamani, mumoja alikuwa anaikala nyuma yako, anakushika mugongo, unamulalia ku kifua. Mama aliniambiaka, 'Ya pili nitakushika mugongo miye mwenyewe.' Sasa haiko. Mama Joséphine, namutamani mama yangu mpaka mwili inaniuma. Najua damu. Naogopa damu. Lakini nikisema nitarudi kwenu, naona tu lile dirisha linafungwa. Afazali nikae mu chumba yake. Pengine nitamusikia."

Alilia. Nami nililia, na majani ya sombe mapajani. Miaka yote nilifikiri wanawake wanazalia nyumbani kwa sababu hawajui. Wapo wasiojua. Wapo walio mbali, wapo wasio na uwezo. Lakini huyu alijua kila kitu. Alikosa tu mtu wa kumshika mgongo, na mimi ndiye niliyemfungia dirisha.

Mama Brigitte alikuwa kwenye kizingiti. Alikuwa amesikia yote.

"Dorcelle," alisema, "wakati wa Tracy, nani alikupeleka ku maternité uzalie kule?"

"Mama."

"Njo yeye. Miye nilisema uzalie hapa, nitakusaidia. Akakataa kabisa. Unajua juu ya nini?"

Dorcelle alitikisa kichwa.

"Weye ulisha kuzaliwa, akazala mutoto mwanaume, mu ile chumba. Miye njo nilikuwa namushika mugongo. Mutoto akatoka muzima. Halafu damu. Tulifunga bikwembe, tulimumwangia mayi, tuliomba. Damu haikusimama. Tulimupeleka ku hospitali mu pusupusu ya kusukuma na mikono, mama yako amelala kama mufu. Alirudi wiki tatu zikisha kupita. Mutoto hakupata maziwa, alikufwa. Ile yote mama yako hakukuambiaka, na miye alinikatazaka kukuambia. Lakini aliniambia miye, 'Dorcelle hatazalia humu.'"

Tracy alikuwa anacheza na uzi mweupe, anaufunga kwenye kidole. Dorcelle alimchukulia uzi ule taratibu, akaukunja, akaushika mkononi.

"Sasa ile damu, juu ya nini inakataa kusimama?" aliuliza.

Nilimweleza polepole, bila sauti ya sokoni.

"Mutoto akitoka, mahali alikuwa anashikamana kunabakia kidonda. Nyumba ya mutoto inapashwa kukaza. Ikikaza, damu inasimama. Ikilegea, damu inatoka kama mayi ku robine, na kwa muda mufupi mama anaenda. Inaweza kumufikia mwanamuke yeyote. Juu ya ile, mutoto akitoka tu, siye tunapiga mama sindano moja ku paja. Ile sindano inasaidia nyumba ya mutoto kukaza. Tunaangalia kama ile ya nyuma, kondo, imetoka yote, hakuna kipande kimebakia. Damu ikikataa, iko dawa ingine, iko serumu, iko gari ya kukupeleka ku hospitali kubwa. Hapa kwako kuko wembe na uzi."

"Na ile ya nyuma? Siye tunaizikaka chini ya muti wa avoka. Kwenu munatupa."

"Nikisha kuiangalia, nitaitia mu ndoo ya mufuniko. Mama Brigitte ataileta hapa. Muchimbe mbali chini, bambwa basifikie."

"Na mugongo?"

Sheria ya kituo chetu ilikuwa moja: ndugu wote wanabaki nje.

"Unipe siku tatu," nilisema.

Mkubwa wa kituo chetu ni muuguzi, Bwana David. Ni mtu mwema, lakini anapenda neno "haiwezekani".

"Mama Joséphine, haiwezekani. Chumba ni kidogo. Bataleta uchafu. Bataleta kelele."

"Kelele ya kunipita miye?"

Alicheka bila kutaka. Nilimwambia habari ya dirisha. Nilimwambia pia kwamba wanawake wanakuja kipimo, halafu siku ya kuzaa hatuwaoni, na sisi tunasema ni wajinga. Alikuna kichwa. Tulipatana hivi: kila mama aingie na mtu mmoja, amchague mwenyewe. Mtu huyo anawe mikono kwa sabuni, avae kikwembe safi. Nilishona pazia la vikwembe viwili kati ya vitanda, ili mama mmoja asimwone mwingine. Siku ya tatu nilirudi kwa Dorcelle na jibu.

Tulitengeneza kila kitu pamoja. Gauthier alipatana na jirani mwenye taxi, akaandika namba yake ya simu ukutani kwa makala, kubwa, hata Mama Brigitte aione bila miwani. Mfuko ulifungwa: nguo za mtoto, sabuni, vikwembe, fiche. Niliwaambia wasingoje uchungu ikiwa chupa ya maji imepasuka, au damu imetoka, au kichwa kinauma sana na macho yanaona giza. Siku hiyo hiyo waje. Dorcelle aliitika kila neno. Lakini vitu vya zamani hakuvirudisha kwenye chumba cha nyuma. Kitanda kilibaki kimetandikwa.

Uchungu ulianza Jumanne, kama saa nne asubuhi. Gauthier alikuwa Mokambo. Mimi nilikuwa nyumbani, zamu yangu bado, nasonga bukari, ugali wa watoto wangu, nikasikia Mama Brigitte ukutani.

"Joséphine! Kuya! Uchungu ilianza. Taxi iko njiani. Lakini aliingia mu ile chumba, alifunga!"

Niliacha bukari motoni, nikakimbia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nilinyanyua mkono nigonge kwa nguvu. Maneno yote ya zamani yalikuwa tayari mdomoni: fungua, unataka kufwa, mujinga weye. Niliyameza. Niliweka kiganja juu ya ubao.

"Dorcelle, ni miye Joséphine. Niko inje."

Nilisikia anavuta pumzi ndefu ndefu.

"Mama yako nilimuacha inje vile. Leo ni miye niko inje. Sasa najua namna inaumaka."

"Mama Joséphine," sauti yake ilitoka ndogo. "Nikitoka humu, namuacha."

"Haumuachi. Dorcelle, sikia. Angalikuwa muzima leo, mungalikuwa wapi saa hii?"

Uchungu mmoja ulikuja, ukapita. Mama Brigitte alishika rozari yake bila kuomba. Taxi ilipiga honi barabarani.

"Tungalikuwa mu njia," Dorcelle alisema. "Angalikuwa ananivuta mukono."

Kisha tukasikia komeo. Alitoka na jasho usoni. Kiunoni alikuwa amejifunga kile kikwembe cha bluu cha mama yake.

Kituoni Mama Brigitte alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, kama daktari. Alipanda kitandani nyuma ya Dorcelle, akakunjua miguu yake mizee, akamvuta kifuani. Dorcelle alimlalia. Bwana David alichungulia, akafungua mdomo, nikamwangalia, akaufunga. Dirisha nililiacha wazi.

Saa nane mchana mtoto alilia. Msichana. Nilimweka kifuani kwa mama yake, nikampiga Dorcelle sindano ya paja. Ile ya nyuma ilitoka, niliikagua, ilikuwa nzima. Nikaanza kushukuru. Ndipo damu ikaja.

Ilikuja nyingi. Nilikandamiza tumbo, nikalisugua kwa nguvu. Bwana David alitundika chupa ya serumu, akapiga dawa ya pili. Midomo ya Dorcelle ilikuwa inapauka. Mtoto alichukuliwa pembeni. Dorcelle akafumbua macho, akaangalia dirishani.

"Mama!" aliita. "Mama!"

Kwa miaka ishirini na mitatu nilikuwa nikijibu: mama yako haiko hapa. Safari hii niliendelea kusugua. Mama Brigitte aliinamisha mdomo mpaka sikioni kwake.

"Niko hapa, mwanangu. Vuta pumuzi. Niko hapa."

Ni maneno yale yale ya dirishani. Sijui kama aliyajua au yalimjia tu. Dorcelle alivuta pumzi. Chini ya mkono wangu tumbo likaanza kukaza, likawa gumu. Damu ilipungua. Ikapungua tena. Ikasimama.

Baadaye, alipokwisha kunyonyesha, alitaka kuona beseni la damu. Nilikataa, akasisitiza. Nilimwonyesha. Aliliangalia muda mrefu.

"Ile plastiki yangu haingetosha," alisema.

Tulimlaza siku mbili ili tumwangalie. Gauthier alifika Jumatano jioni, vumbi la Mokambo bado kichwani, akalia mbele ya watu wote. Mtoto walimwita Dominique, jina la bibi yake. Ile ya nyuma Mama Brigitte aliizika chini ya avoka, kina kirefu, na glavu zangu mkononi. Dorcelle aliporudi nyumbani alienda moja kwa moja kwenye chumba cha nyuma. Alifungua dirisha, akalala na mtoto kwenye kitanda cha mama yake. Mpaka leo wanalala humo, Gauthier akiwa safarini.

Mimi bado namtafuta Mama Dominique kichwani mwangu. Nimeomba picha yake, nimeiangalia. Ana uso mpana, na mwanya mbele, kama Tracy. Natamani nimkumbuke akiwa dirishani, ili nipate kumfungulia. Hanijii.

Kwa hiyo Jumatano nafanya hivi. Mama akishuka kwenye mizani, namkalisha karibu yangu. Namuuliza polepole: "Siku ya kuzala, unataka nani akushike mugongo?" Jina lake naliandika juu ya fiche. Wengine wanasema mume, nao wenzao kwenye benchi wanapiga vigelegele. Wengine wanasema dada. Na wako wanaotaja mtu aliyekwisha kufa, wanainamisha kichwa kwa haya.

Siwacheki. Naliandika jina hilo pia. Halafu nauliza: "Na nani mwingine?"